Neno "soon" la Kiingereza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanaotumia Kiingereza kazini, shuleni au katika kutafsiri, ambao neno hili dogo huwasumbua kuliko maneno makubwa. Majibu hayalingani urefu kwa sababu maswali hayalingani uzito.

"Soon" maana yake nini hasa?

Muda si mrefu kuanzia sasa, au kuanzia ule wakati unaosimuliwa. Basi. Halina dakika wala siku ndani yake. Mhudumu wa mgahawa akikuambia chakula kinakuja "soon", unahesabu dakika. Mwenye nyumba akisema atapaka rangi "soon", unaweza ukahama kabla hajanunua brashi. Kipimo hutokana na jambo lenyewe, na pia na tabia ya anayelisema.

Kwa Kiswahili tunalo kundi zima: karibuni, hivi karibuni, punde, punde si punde, muda si mrefu. Lakini tafsiri ninayoipenda kuliko zote haina kielezi kabisa, ina kitenzi: kukawia. "She will soon be here" ni "Hatakawia kufika." "They soon realised the bridge was closed" ni "Hawakukawia kutambua kuwa daraja limefungwa." Mfano wa pili unaonyesha pia kwamba "soon" haliogopi wakati uliopita, ilimradi jambo hilo lilifuata jingine katika masimulizi.

Je, "hivi karibuni" ni "soon" au "recently"?

Ni yote mawili, na hapa ndipo watafsiri wengi hujikwaa. Kiswahili hukiachia kiambishi cha wakati katika kitenzi kazi ya kuamua. "Waziri atazuru Mtwara hivi karibuni" iko mbele. "Waziri alizuru Mtwara hivi karibuni" iko nyuma. Maneno ni yale yale, kilichobadilika ni "ata" na "ali". Kiingereza kimegawa mipaka: "soon" ni la mbele, "recently" na "lately" ni ya nyuma, na hakuna kuvuka. Ukiandika "The minister visited Mtwara soon" ukikusudia majuzi, msomaji atashangaa, atadhani kuna maneno yameanguka njiani.

Kazi huwa ngumu pale kitenzi kinapokosekana, hasa kwenye vichwa vya habari. "Ziara ya hivi karibuni ya waziri" ni ipi? Kwa mazoea ya magazeti yetu, nomino ikifuatwa na "ya hivi karibuni" karibu kila mara jambo limeshapita, kwa hiyo andika "the minister's recent visit". Lingekuwa bado, mwandishi angesema "ziara ijayo" au "ziara inayotarajiwa hivi karibuni". Ukiwa na shaka, soma aya ya kwanza ya habari kabla hujagusa kichwa chake.

"Punde" nalo lina tabia hiyo hiyo. "Habari za hivi punde" kwenye televisheni ni zile zilizoingia sasa hivi. Mtangazaji yule yule akisema mgeni wake "atajiunga nasi hivi punde", mgeni bado yuko kwenye foleni ya magari. Wasomaji wa Goma, Bukavu na Lubumbashi wanaujua mchezo huu kutoka upande mwingine, maana "tout à l'heure" ya Kifaransa nayo hutumika kwa kilichopita kitambo kidogo na kwa kitakachokuja kitambo kidogo. Wao wana mtego wao wa ziada: "éventuellement" ya Kifaransa ni "labda, ikibidi", ilhali "eventually" ya Kiingereza ni "hatimaye". Mdaiwa akikuandikia "I will eventually pay", hajasema labda. Amekubali kulipa, ila amekataa kusema lini.

Tofauti ya "soon", "early" na "quickly" ni ipi?

"Soon" ni umbali kutoka sasa. "Early" ni mapema, yaani kabla ya saa iliyozoeleka au iliyopangwa. "Quickly" ni mwendo, haraka. Ukiamka alfajiri umeamka "early". Huwezi kusema "I woke up soon". Fundi anayeshona gauni kwa siku moja anashona "quickly", lakini kama ataanza kulishona mwezi ujao, halitakuwa tayari "soon".

Kinachotuchanganya ni kwamba "haraka" na "upesi" kwetu hubeba mwendo na ukaribu kwa pamoja. Tunamwambia mtoto "rudi upesi" tukimaanisha asikawie, si lazima akimbie. Mfano mzuri uko katika Ufunuo wa Yohana 22:20. Biblia ya Kiswahili ya Union inasema "Naam, naja upesi". Tafsiri ya Kiingereza ya King James ya 1611 inasema "I come quickly", na tafsiri ya New International Version inasema "I am coming soon". Kiingereza kimelazimika kuchagua kati ya mwendo na ukaribu; Kiswahili hakikulazimika. Kwa hiyo kila unapokutana na "upesi" jiulize kwanza: anazungumzia spidi au anazungumzia lini?

Visawe vya "soon" ni vipi, na kila kimoja kinakaa wapi?

"Shortly" ndilo la kwanza, na ni rasmi zaidi kidogo. Ni la matangazo ya uwanja wa ndege, la taarifa ya habari, la katibu muhtasi: "The director will see you shortly." Lina uwezo ambao "soon" halina: hukubali "before". Unaweza kusema "shortly before midnight", muda mfupi kabla ya saa sita usiku. "Soon before midnight" halisemwi. "Soon after" na "shortly after" yote ni sawa.

"Before long" ni "si muda mrefu", na lina ladha ya msimulizi. "In a while" na "in a bit" ni ya mazungumzo, na yanaruhusu kuchelewa kuliko "soon". "In a minute" mara nyingi si dakika, kama ambavyo "dakika moja tu" ya kwetu si dakika. "Any minute now" humaanisha kitu kinatazamiwa wakati wowote kuanzia sasa, na msemaji amekwishaanza kuchungulia mlangoni. "In no time" ni kufumba na kufumbua. Hutumika zaidi kumtia mtu moyo kuliko kupanga ratiba.

"In due course" hupenda kujifanya kisawe. Ni lugha ya ofisi, "kwa wakati wake". Barua ikikuambia "You will be informed in due course", imekuambia kwamba mwandishi hana tarehe, na asingependa umpigie simu kuulizia. Usiitafsiri "hivi karibuni"; utawapa watu matumaini ambayo hayakuandikwa. "Utajulishwa kwa wakati muafaka" ndiyo yenyewe, tena ina ubaridi ule ule.

"Sooner or later" ni "iwe iwavyo, siku moja". Linahusu uhakika wa jambo, si ukaribu wake. Na "any time soon" hukaa karibu siku zote ndani ya ukanushi: "The road won't be finished any time soon" ni kusema barabara hiyo usiitegemee leo wala kesho.

Nimesikia kwenye ndege "We will be landing momentarily". Tutatua kwa muda mfupi halafu tupae tena?

Hapana, kaa utulie. Kwa Wamarekani "momentarily" ni "baada ya muda mfupi sana", yaani mnakaribia kutua. Kwa Waingereza, kwa desturi, ni "kwa muda mfupi", kwa hiyo wao wenyewe huucheka msemo huo wa Kimarekani. "Presently" nalo limegawanyika hivyo hivyo. Katika Kiingereza cha jadi cha Uingereza "The doctor will be here presently" ni kwamba daktari hatakawia, ilhali huko Marekani "presently" kwa kawaida ni "kwa sasa". Shule zetu zilirithi Kiingereza cha Uingereza, simu zetu zimejaa cha Marekani, kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa na maana zote mbili kichwani bila kujua. Ushauri wangu kwa anayeandika: yaache yote mawili. Tumia "shortly" au "currently", hakuna atakayekuelewa vibaya.

Bosi wangu anatoka Afrika Kusini. Anasema "just now", halafu haji. Ananidanganya?

Hakudanganyi. Katika Kiingereza cha Afrika Kusini "just now" ni baadaye kidogo, pengine baadaye sana. "Now now" ndiyo ya karibu zaidi, kitu kama "sasa hivi nakuja" ya mtu ambaye bado anatafuta viatu. Akitaka jambo lifanyike muda huo huo atasema "right now". Misemo hii inafanana na ya Kiafrikaans, "netnou" na "nou-nou". Kwa Mwingereza, kinyume chake, "I saw him just now" ni nimemwona hivi punde, jambo limeshapita.

Mbona maneno haya yote yanavutika?

Kwa sababu yanasemwa na watu, na watu huchelewa. "Soon" lenyewe halikuanza hivi. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa "sona", na maana yake ilikuwa papo hapo, bila kukawia hata kidogo. Karne zikapita, watu wakaendelea kusema papo hapo huku wakijikokota, na neno likafuata matendo yao. "Presently" lilipita njia hiyo hiyo, na "anon", neno la zamani lenye maana ya "soon", pia.

"Anon" ukitaka kuliona likiwa katikati ya safari, msome Shakespeare, tamthilia ya kwanza ya Henry IV, kitendo cha pili. Kuna kijana mhudumu wa baa aitwaye Francis. Mwana wa mfalme anamshika kwa maswali upande mmoja huku mwenzake akimwita kutoka chumba kingine, na maskini kijana hana jibu jingine ila "Anon, anon, sir!" Kwa maana ya kale amesema naja papo hapo. Kwa macho ya watazamaji hajasogea hata hatua. Yeyote aliyewahi kuagiza soda siku ya mechi anamjua Francis.

"By and by" ni mfano mwingine wa kuchekesha, au wa kutisha. Katika King James, Marko 6:25, binti wa Herodia anamwambia mfalme ampe kichwa cha Yohana Mbatizaji "by and by". Msomaji wa leo ataelewa "baadaye baadaye, usihangaike". Mwaka 1611 ilimaanisha sasa hivi, na mistari inayofuata inaonyesha mfalme alielewa vizuri sana.

Na "sasa hivi" yetu? Mpigie simu fundi bomba, umsikilize anavyolitumia.

Niandike "as soon as I will arrive" au "as soon as I arrive"?

"As soon as I arrive, I will call you." Hili ni kosa letu kubwa, na chanzo chake kinaeleweka. Kiswahili husema "mara nitakapofika, nitakupigia", na "nitakapo" ina wakati ujao ndani yake waziwazi. Kiingereza hukataa "will" ndani ya kishazi cha "as soon as", "when", "before" na "until". Wakati ujao hubaki upande wa pili wa sentensi. Njia rahisi ya kukumbuka ni kuifikiria ile "-ki-" ya "nikifika nitakupigia", ambayo haina "ta" yoyote.

Na "no sooner"?

Hufuatwa na "than", si "when", na mpangilio wa maneno hupinduka: "No sooner had we sat down than the lights went out." Kwa Kiswahili, "Hata hatujakaa sawasawa, umeme ukakatika." Ni ya maandishi na hadithi, ukiitumia kwenye gumzo la WhatsApp utaonekana umevaa suti ufukweni.

"I'd sooner walk" inahusu muda?

Haihusu. Ni "heri nitembee", au "afadhali". Kwamba ningelifanya hili kabla ya lile, ndiyo maana ya kupendelea.

Kwenye usaili wa kazi nimeulizwa "How soon can you start?" Nijibu nini?

Jibu tarehe. Wanaojibu "very soon" au "any time" hudhani wanaonyesha ari; mwajiri makini husikia mtu ambaye ama hana kazi, ama atamtoroka aliye naye. Kama umeajiriwa, hesabu notisi yako kwanza. Kwa anayelipwa kwa mwezi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ya Tanzania inataka notisi isiyopungua siku 28 ukishavuka mwezi wa kwanza wa kazi, na Sheria ya Ajira ya 2007 ya Kenya nayo inataja siku 28. Mkataba wako unaweza kudai zaidi, kwa hiyo usome kabla ya siku ya usaili. Kisha sema: "I have to give 28 days' notice, so I can start on Monday the 3rd." Sentensi moja, na umeonyesha unaheshimu sheria na unajua kuhesabu.

Nimeandikiwa "We will get back to you soon". Nisubiri siku ngapi?

Hakuna sheria ya lugha inayojibu hilo. Kwa desturi ya ofisi nyingi, wiki moja ikipita si utovu wa adabu kukumbushia. Lakini tazama sentensi nzima. "We will get back to you by Friday" ina mtu nyuma yake. "We will get back to you soon" ina nia. "We will be in touch" haina hata nia; mara nyingi ni kwaheri yenye tabasamu.

Ukiwa wewe ndiye unayeandika, iondoe "soon" na uweke muda, na hapo ndipo makosa mapya huingia. "Hadi Ijumaa" na "kufikia Ijumaa" kwetu hukaribiana, ila Kiingereza hutenganisha: "I will send it by Friday" ni kwamba Ijumaa haitapita kabla hujatuma, "until Friday" ni kwamba utakuwa ukituma na kutuma mpaka Ijumaa ifike. "Within two weeks" ni ndani ya wiki mbili. "In two weeks" ni wiki mbili zikiisha. Sisi husema "after two weeks" kwa sababu ya "baada ya wiki mbili". Inaeleweka, lakini kwa kuhesabu kutoka leo wao husema "in". Na ukitaja saa, kumbuka saa mbili asubuhi ni "8 a.m.". Wapo waliokosa mikutano ya mtandaoni kwa sababu hiyo tu.

"Kindly revert soonest" ni Kiingereza sahihi?

Ni Kiingereza cha ofisi za Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na Mumbai, na humo kinaeleweka: "tafadhali jibu upesi". Nje ya hapo, "revert" kwa wengi ni kurudia hali ya zamani, na mteja wa London anaweza kujiuliza arudie hali gani. "Soonest" ina historia yake: ni lugha ya telegramu, enzi za kulipia kila neno, ambapo "as soon as possible" ilikuwa maneno manne na "soonest" moja. Siku hizi maneno ni bure. Andika "Please reply by Tuesday."

"ASAP", yaani herufi za kwanza za "as soon as possible", nayo ni mtoto wa kubana maneno, iliyotoka katika lugha ya wanajeshi wa Marekani. Kwa mtu wa chini yako ni amri. Kwa mtu wa juu yako ni utovu wa nidhamu. Kwa mteja, usiithubutu.

"See you soon" na "See you later", ipi ni ipi?

"See you soon" inatazamia kuonana kweli, japo tarehe haijapangwa. "See you later" inaweza kuwa leo jioni, na inaweza kuwa kuagana tu, kama kijana wa Dar anavyosema "Baadaye!" kwa mtu ambaye huenda asimwone mwaka mzima. Usikae ukimsubiri. "Get well soon" ni "ugua pole", ingawa yetu inampa mgonjwa pole na yao inampa matarajio.

Linatamkwaje?

"Su" ndefu kisha "n" kavu: irabu ni kama ya "mkuu". Usiongeze "i" mwishoni, na usiifupishe irabu, usije ukasogea kwenye "sun", ambalo ni jua.

Timu za chuo kikuu cha Oklahoma zinaitwa Sooners. Ndiyo "soon" hii hii?

Ndiyo hii hii. Tarehe 22 Aprili 1889, saa sita mchana, serikali ya Marekani ilifungua sehemu ya eneo ambalo leo ni Oklahoma ili walowezi wakimbilie kujitwalia viwanja. Maelfu walisubiri mpakani mlio wa ishara. Wengine walikuwa wamekwishajipenyeza kabla ya muda na kujificha, wenzao wakafika na kuwakuta wameketi kwenye ardhi bora. Hao ndio walioitwa "sooners", waliotangulia kabla ya ruhusa. Jina lilianza kama tusi, kesi nyingi za ardhi zikafuata, na baadaye jimbo zima likajiita Sooner State bila haya.